Hosteli, geto au kwa shangazi: mwanafunzi mgeni Dar akae wapi?

Majina ya waliochaguliwa vyuoni yakishatoka, simu za kaka na dada waliotangulia huanza kuita. Maswali ya ada na mkopo yana majibu yake, na mengi yameandikwa kwenye tangazo la chuo. Linalowasumbua wengi ni la makazi. Mwanafunzi anayetoka Kahama, Songea au Pemba kuja kusoma Dar es Salaam ana njia tatu: apate kitanda hosteli, apange chumba mtaani, yaani geto, au akae kwa ndugu. Mimi nimekaa hosteli, baadaye geto, na nina rafiki waliosoma wakitokea kwa ndugu mpaka wakavaa joho. Naandika kwa ajili ya mdogo wangu yeyote anayefungasha begi sasa hivi.

Niseme mapema ninakoegemea. Mwaka wa kwanza pambania hosteli, hata kama chumba kimebana. Kuanzia mwaka wa pili, geto la watu wawili mnaojuana tabia ni maisha mazuri. Kwa ndugu ni pazuri kuliko vijana wanavyopasema, ila kuna mambo ya kuangalia kabla hujapeleka begi. Watu wengi hulinganisha bei na umbali basi, na ni kweli hela ni hela. Lakini wenzangu niliowaona wakihangaika, shida yao kubwa ilikuwa watu: mwenzake wa chumba, mpenzi aliyehamia, mke wa mjomba, mwenye nyumba. Unapochagua pa kulala unachagua pia ni nani atakuona ukiwa na homa, na nani atakuwa na ufunguo wako.

Hela, maana bila hizo hatuongei

Kwa wengi wetu boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, ndilo linaloendesha maisha. Tangu mwaka wa masomo 2022/23, fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo ni 10,000 kwa siku kwa aliyepangiwa kiwango kamili. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Boom la siku 60 ni 600,000. Mtoto wa mkulima anapoona laki sita kwenye akaunti yake kwa mara ya kwanza anajiona ana nafasi ya kila kitu, na ni wakati huohuo dalali anampeleka kuona vyumba.

Tupige hesabu. Tuseme umepata chumba cha kawaida, choo cha kuchangia, maeneo ya Msewe au Changanyikeni, kwa 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba anataka miezi sita: 420,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja: 70,000. Zimeondoka 490,000, umebaki na 110,000 za kula siku 60. Hiyo haifiki 2,000 kwa siku, na hujanunua godoro, ndoo wala pazia. Boom la pili likiingia utapumua kwa sababu kodi ipo, lakini miezi miwili ya kwanza chuoni, wakati unajifunza kila kitu upya, utakuwa umeipitisha kwa njaa. Na boom likichelewa, mama mwenye nyumba hachelewi.

Kuna kitu kingine ambacho wapangaji wapya hawakihesabu: likizo. Kodi ya mtaani inatembea miezi kumi na miwili, wakati masomo yenyewe hayafiki miezi tisa. Ukienda mazoezi kwa vitendo Mbeya, unalipa chumba Mbeya na chumba Dar. Hosteli unalipia muda wa masomo, na ada yake katika vyuo vya umma ni ndogo ukiilinganisha na kodi ya mtaani, tena maji na umeme vimo humohumo.

Kwa hiyo hosteli ni rahisi? Kitandani ndiyo, tumboni hapana. Hosteli nyingi zinakataza kupika, na hita au jiko la umeme likikutwa chumbani linachukuliwa. Chai na chapati unanunua, mchana unanunua, usiku unanunua. Mwenye geto anachemsha maharage jioni, anakula na ugali, kesho yake mchana anayamalizia na wali. Mkiwa wawili mnagawana unga, mafuta, dagaa na mtungi mdogo wa gesi, gharama ya sahani moja inashuka sana. Ukishavuka ule mlima wa kodi ya kwanza, geto linaweza kukuachia akiba kuliko hosteli, mradi unapika kweli. Mwenye geto anayeagiza chipsi kila usiku analipa gharama za pande zote mbili.

Kwa ndugu hulipi kodi wala chakula, unalipa nauli. Hapa ramani ndiyo inayoamua. Ndugu akiwa Kimara na wewe unasoma Mlimani, mwendokasi hadi Ubungo unakutoa. Akiwa Chanika au Mbagala, ni magari mawili au matatu kwenda na mengine kurudi, kila siku ya kipindi. Jumlisha nauli ya mwezi mzima kabla hujasema ni bure.

Namna ya kupunguza makali ya geto ipo. Wanaomaliza mwaka wa tatu wanaondoka mwezi wa saba, na wengi wanauza godoro, meza, feni na vyombo kwa bei ndogo sana kwa sababu hawawezi kuvibeba hadi Kigoma. Wengine wanakuachia na chumba chenyewe: anakutambulisha kwa mwenye nyumba, dalali hayumo, na mwenye nyumba akishakujua kupitia mpangaji mwema huwa rahisi kukubali miezi mitatu badala ya sita. Kwa sababu hii pekee, mwaka wa kwanza hosteli unakupa muda wa kujuana na watu wa mwaka wa tatu.

Usiku wa kusoma

Usidanganywe kwamba geto ni tulivu. Tulivu ni chumba chako, nyumba ni ya wapangaji sita. Nitakuelezea usiku mmoja ambao kila aliyewahi kupanga ataujua. Saa nne, kesho saa moja asubuhi kuna test, na Luku inakata. Mita ni moja kwa nyumba nzima, kila chumba kinachanga kila mwezi. Watu wanatoka koridoni na tochi za simu. Mama wa chumba cha mbele anasema yeye amechanga juzi. Kijana mwenye friji na pasi hayupo, amesafiri. Mwingine anasema yeye ana taa moja tu, kwa nini achange sawa na mwenye friji? Hoja yake ni ya haki, lakini ni saa nne usiku, na desa lako, yaani notsi ulizotoa kopi, la kurasa arobaini liko gizani. Unaishia kununua umeme kwa hela yako ya chai ili nyumba nzima iwake. Kwa hiyo ukitafuta chumba, swali la kwanza baada ya bei liwe: umeme unalipwaje? Chumba chenye submita yake kinafaa kuongezewa hela kidogo.

Hosteli kelele zipo, tena nyingi. Kuna wa kucheza muziki, kuna wa kuzungumza na simu saa nane usiku, kuna watu wanne chumbani na kila mmoja ana ratiba yake, na kuna kunguni, wadudu wasiojali umri wa jengo. Lakini hosteli ina kitu ambacho geto haliwezi kukupa mwaka wa kwanza: diskasheni inayoanza yenyewe. Mtu anagonga mlango saa tatu usiku, "Jamani, swali la pili mmelielewaje?" Kipindi kimehamishiwa ukumbi mwingine, unajua kabla hujavaa viatu. Mtihani wa mwaka jana unazunguka mlango kwa mlango. Mwanafunzi anayetoka shule ambako mwalimu alikuwa akiandika notsi ubaoni anahitaji hii kuliko anavyojua, maana chuoni lekcha anaongea saa mbili na kuondoka. Wengi waliodisko, yaani walioondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza walikuwa na akili kabisa, ila walikuwa mbali na habari.

Kwa ndugu, shida ya kusoma ni uchovu wa barabarani. Kipindi cha saa moja asubuhi kutoka Chanika maana yake ni kuamka saa tisa na nusu. Jioni ukipangiwa diskasheni ya saa moja usiku utakuwa unaangalia saa, maana gari la mwisho na geti la nyumbani vina muda wake. Rafiki zangu waliofanikiwa kusoma kwa ndugu walikuwa na desturi moja: hawakurudi nyumbani mapema kusoma. Walisoma maktaba kuanzia kipindi kinapoisha mpaka magari yanapopungua watu, wakifika nyumbani ni kazi za nyumba na kulala. Anayepanga kusoma akifika nyumbani, kwenye nyumba yenye watoto wadogo na televisheni sebuleni, hasomi.

Mwenzako wa chumba

Hapa nitakaa kidogo.

Hosteli unapangiwa mtu usiyemjua. Watoto wa bweni wanazoea haraka, waliosoma shule za kutwa wanapata tabu wiki za mwanzo. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kupangiwa mtu usiyemjua kuna faida ambayo huioni mapema: huna deni naye. Mkikosana hamvunji urafiki wa miaka kumi, na warden, msimamizi wa hosteli, yupo. Ukipatana naye, umepata ndugu. Watu waliokaa chumba kimoja mwaka wa kwanza ndio utakaowaona wamepanga viti vya mbele kwenye harusi, hata kama wamesoma kozi tofauti kabisa.

Kisha kuna kubebana. Vitanda havitoshi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa hosteli mpya Aprili 2017 zenye nafasi 3,840, ambazo watu huziita hosteli za Magufuli, na bado kila mwaka wako wanaokosa. Aliyekosa anamwomba mwenye kitanda ambebe: wanalala wawili kitanda cha mmoja, kichwa huku na huku. Sheria za hosteli hazikubali, na ukikamatwa unaweza kupoteza kitanda chako mwenyewe. Ukiombwa, usijibu siku hiyohiyo. Wewe si peke yako chumbani; mnabanana na wenzako wengine ambao hawakuombwa. Zungumza nao kwanza, kisha mpe mwenzako jibu lenye tarehe: "Nitakubeba mpaka tarehe fulani, utafute chumba ndani ya siku hizo." Wema usio na tarehe ndio unaozaa minong'ono, na nimeona marafiki wa O-level wakiacha kusalimiana kwa sababu ya kitanda cha futi mbili na nusu.

Geto la wawili ni tofauti. Hapa umechagua mwenyewe, na makosa mengi yanafanyika kwenye uchaguzi huo. Watu wanachagua rafiki wa kucheka naye. Mtu wa kupanga naye awe wa namna hii: analipa anapokopa, anaosha alichotumia, na anasema linalomkera kabla halijawa ugomvi. Huyo anaweza kuwa si rafiki yako mkubwa. Rafiki yako mkubwa mwache awe jirani, mtadumu zaidi.

Kabla ya kutoa hela, kaeni mezani muandike. Najua kuandikiana kati ya marafiki kunaonekana kama kutoaminiana. Kuandika kunamlinda yule mpole kati yenu, ambaye angekuwa analipa Luku kila mara kwa kuona aibu kudai. Muandike kodi nani anatoa kiasi gani na lini. Umeme, maji na gesi mnachanga vipi. Nani anapika siku zipi, na asiyependa kupika analipia nini. Godoro, jiko na meza ni vya nani siku ya kuachana. Halafu jambo ambalo wengi hulisahau, wageni. Mdogo wake mwenzako akija kutibiwa Muhimbili atakaa siku ngapi? Kukataa ndugu wa mtu si utu wetu, lakini chumba cha wawili kikikaa watatu kwa mwezi mzima, chakula ni cha nani? Kubalianeni kwamba mgeni wa kulala anaombewa ruhusa kwa mwenzako kabla hajafika, na akizidi wiki mwenye mgeni anaongeza kwenye chakula. Mkishakubaliana, hakuna atakayemchukia mgeni.

Ukiwa na uwezo wa kukaa peke yako, fikiria mara mbili. Nimemwona kijana aliyeugua malaria siku tatu ndani ya chumba chake cha peke yake, chenye choo ndani na kila kitu, na hakuna aliyejua mpaka mtu alipofuata desa lake. Kama lazima ukae peke yako, mpe mtu mmoja wa karibu ufunguo wa akiba, na zoeeni kusalimiana kila asubuhi hata kwa ujumbe mfupi.

Mpenzi

Vijana wengi wanaosema wanataka geto kwa ajili ya kusoma wanamaanisha wanataka mahali pa kumwona mpenzi bila kuulizwa. Sikulaumu, una miaka zaidi ya kumi na minane. Hosteli inakuwekea mpaka: mgeni wa jinsia nyingine haingii chumbani, au ana muda wake na eneo lake. Wanafunzi hulalamika, lakini mpaka huo una msaada wake, hasa kwa binti. Ni rahisi kusema "hosteli hawaruhusu" kuliko kusema "sitaki" kwa mtu unayempenda na unayeogopa kumpoteza. Mwaka wa kwanza, hujamjua mtu vizuri, sababu iliyo tayari mdomoni inakupa muda wa kumsoma.

Geto halina sababu hiyo. Mpaka lazima uuweke mwenyewe kwa maneno yako. Na kinachotokea mara nyingi si uamuzi wa siku moja. Anakuja Jumamosi anapika. Anaacha kanga na mswaki. Wiki ya mitihani analala huko kwa sababu ni karibu na chuo. Mwezi wa tatu yuko na ufunguo, nguo zote ziko kwako, na hakuna aliyewahi kusema "tuishi pamoja". Majirani wanamwita shemeji, mama mwenye nyumba anamwita mkeo.

Hapo sheria inakuhusu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema ikithibitika kwamba mwanamume na mwanamke wameishi pamoja miaka miwili au zaidi, kwa namna ambayo watu wanawachukulia kuwa mke na mume, kunakuwa na dhana kwamba wamefunga ndoa. Dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani, lakini hata ikipingwa ikaanguka, mwanamke ana haki ya kuomba matunzo yake na ya watoto waliowapata. Mtaani utaambiwa ni miezi sita. Sheria inasema miaka miwili. Sasa hesabu: mkianza kuishi pamoja mwanzoni mwa mwaka wa pili, mnavaa joho miaka miwili inakaribia kutimia. Kijana na binti wote wawili wanapaswa kulijua hili kabla ya kuhamisha mabegi, maana hakuna mzazi aliyepelekewa posa na tayari mko kwenye maneno ya mahakama.

Kuna na upande wa kawaida kabisa wa maisha. Binti mmoja niliyesoma naye alichanga nusu ya kodi ya miezi sita na mpenzi wake. Mkataba ulikuwa na jina la kijana peke yake. Wakagombana wiki ya mitihani ya kumaliza muhula. Akatoka saa mbili usiku na sanduku na begi la vitabu, akapanda bajaji kwenda kuomba kubebwa hosteli, na asubuhi alikuwa na mtihani. Hela yake hakurudishiwa. Mtihani aliupita kwa sababu wenzake wa kozi walimwamsha, wakampa kalamu, wakamsindikiza mpaka mlangoni. Kijana naye alibaki na kodi ya watu wawili kwa mtu mmoja.

Ushauri wangu ni mfupi: pendaneni, tembeleaneni, lakini kila mtu awe na chumba chake, mkataba wake na ufunguo wake mpaka mmalize. Uhusiano mzuri hauvunjiki kwa kulala Sinza na Msewe. Mkitaka kuwa karibu zaidi ya hapo, nendeni mkapime afya pamoja, zungumzeni habari ya uzazi wa mpango bila aibu, maana mimba ikiingia mwaka wa pili anayeahirisha mwaka huwa ni binti. Na kama ni ya kuoana, wazazi wapo, wapelekeeni habari.

Kwa shangazi, kwa mjomba

Vijana wanapazungumzia kwa ndugu kama kifungo. Wanaosema hivyo mara nyingi walifika vibaya. Mama alipiga simu, mjomba akasema "aje tu, hapa ni kwao", kijana akafika na begi. Hakuna aliyemuuliza mke wa mjomba. Aliyekubali ni mjomba, lakini utakayeishi naye ni mke wake: yeye ndiye anayejua mchele umebaki kiasi gani na chumba cha watoto kina nafasi gani. Kabla hujaenda, mzazi wako azungumze naye huyo mama moja kwa moja, na wewe mwenyewe umpigie, umwamkie, umuulize: "Mama, nikija nitalala wapi, na ungependa nikusaidie nini?" Swali hilo moja hulainisha mengi yanayokuja mbele.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mwanafunzi jembe hilo ni vyombo vya usiku, kufua sare za watoto Jumamosi, kuwafundisha hesabu, kwenda sokoni. Watoto wa kiume nao wanahusika. Kijana anayesema vyombo ni kazi ya dada zake hatadumu kwenye nyumba ya watu. Chagua kazi moja iliyo kubwa uifanye iwe yako kabisa bila kukumbushwa. Rafiki yangu alijitwalia kuchota na kujaza maji mapipa yote kila Jumapili na Jumatano. Kila mtu nyumbani alijua maji ni yake, kwa hiyo hata alipochelewa kurudi siku nyingine, hakuna aliyemnunia.

Boom likiingia kwa ndugu wanajua. Usisubiri kuombwa wala usijifiche. Amua mapema kiasi unachoweza, kisha peleka kitu kinachoonekana: mfuko wa mchele, sukari, mafuta, au lipia king'amuzi cha mwezi huo. Kisha shikilia kiasi hicho. Ukitoa laki mbili mwezi wa kwanza kwa furaha, ukatoa elfu kumi mwezi wa tatu, watadhani umebadilika.

Na kwa ndugu kuna neema ambazo sehemu nyingine hazipo. Boom likichelewa mwezi, unakula. Ukiugua usiku, mtu anakushika mkono kwenda hospitali. Ukifiwa, huombolezi peke yako. Kwa binti mwenye mtoto mchanga, au kijana aliyekosa mkopo kabisa, ningesema kwa ndugu kwanza, hata kama ni mbali.

Ila kuna hali moja ambayo sina mjadala nayo. Kama nyumba hiyo yuko mtu, awe baba mdogo, binamu au mpangaji, anayekutazama au kukushika kwa namna isiyofaa, ondoka. Usingoje muhula uishe, usiogope kuitwa mtovu wa adabu. Mwambie mzazi au mtu mzima unayemwamini, na nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi chuoni. Hao wameshasikia kesi kama hizo na wanaweza kukusaidia kupata kitanda. Kubebana kitanda cha futi mbili na nusu ni bora kuliko usiku mmoja zaidi katika nyumba hiyo.

Ukishaamua geto

Chumba kikague mara mbili, mchana na usiku. Mchana angalia maji yanatoka siku ngapi kwa wiki na kama kuna tangi. Usiku angalia taa za njiani kutoka kituoni, na sikiliza: baa ya jirani haipigi muziki saa sita mchana. Angalia dirisha liko kwenye uchochoro au uani. Wezi wa Dar wanavua vitu kwa mti mrefu wenye ndoano kupitia nondo, kwa hiyo meza ya laptop isikae dirishani hata kama upepo ndiko uliko, na usiku simu isilale karibu na pazia.

Waulize wapangaji wenzako, dalali akiwa hayupo: mwenye nyumba anapandisha kodi mara ngapi, na waliohama mwisho walihama kwa nini. Mkataba uwe na majina ya wote mnaolipa, uandikwe kodi ni ya kuanzia tarehe gani mpaka tarehe gani, na msaini mbele ya mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa. Hela itume kwa benki au kwa simu ili ibaki na kumbukumbu. Ukilazimika kutoa taslimu, chukua risiti palepale, ipige picha, umtumie mzazi wako kabla hujaingiza hata ndoo.